Wapiga Gitaa Hawazeeki

Tabora, Jumapili, 17 Novemba 1968

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, na Mzee Mussa amerudi kutoka mtaa wa Cheyo amelowa chapachapa, na jibu ni lile lile. Hapana. Hii ni mara ya tatu mshenga wangu anakwenda kwa Bi Mwanahawa kumposa bintiye, Maua, na mara ya tatu anarudishwa, ila safari hii alipewa chai kwanza. Nimemwambia hayo ni maendeleo. Mzee Mussa ni mshona viatu na kabla ya hii hajawahi kushindwa posa hata moja tangu enzi za Mwingereza. Hakucheka.

Naandika humu kwa sababu nikimsimulia mtu atanicheka, na daftari halina meno.

Sababu ya kukataliwa haijabadilika. Si ukoo, si dini, si kazi. Nina kibanda changu cha kutengeneza redio karibu na soko, nasali, silewi. Baba mdogo wa Maua, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha, alikwisha kubali. Maua mwenyewe alikubali kabla sijamaliza kuuliza. Tatizo ni kwamba niliwahi kupiga gitaa pamoja na marehemu kaka yake, Twalibu, na Bi Mwanahawa anaamini kwamba wapigaji wa muziki ule wa roki hawafiki miaka thelathini. Mimi nina ishirini na minane. Kwa hesabu yake mimi ni maiti inayotembea na kudai mke.

Mwanamke mkaidi kama huyu sijapata kumwona. Nimelala na hasira.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Redio mbili zimeletwa, zote zimeingia maji.

Alhamisi, 21 Novemba

Mwezi umeonekana. Kesho tunafunga.

Ijumaa, 29 Novemba

Bernardo alikuja kibandani mchana, akakaa juu ya sanduku la betri na kutafuna karanga mbele yangu, mimi nimefunga. Nilipomwambia aone haya akasema yeye ni Mkristo na karanga hazina dini. Ni Mnyamwezi wa Ntalikwa, fundi wa mabehewa kule reli, ana mwili wa watu wawili, na ndiye aliyekuwa akipiga ngoma katika bendi yetu, Kaze Rokas. Twalibu alishika gitaa la solo, mimi la rithimu, yeye ngoma. Tulikuwa watatu tu, lakini kwa kelele tulitosha.

"Omari, tarehe tatu Februari unajua ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Miaka kumi tangu Buddy Holly aanguke na ndege kwenye theluji! Yeye na yule mtoto Ritchie Valens. Lazima tufanye kumbukumbu. Nina santuri zote, wewe una gramafoni. Na tutapiga wenyewe, kwa ajili ya Twalibu. Tutafanya Jumamosi, maana Jumatatu hakuna anayecheza."

Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba muziki huo ndio unaoninyima mke. Santuri zile tulizisikiliza wakati ule mpaka sindano ikawa butu. Twalibu hakujua Kiingereza, basi alikuwa akitia maneno ya Kinyamwezi juu ya mapigo yale, anaimba habari za ng'ombe wa jirani na mama mkwe asiyemtaka, na wazee wa sokoni wakitikisa vichwa bila kujua wanatikisia nini. Hakuna aliyekuwa kama yeye kutoka hapa mpaka Kigoma. Nasema hivyo nikiwa timamu.

Bernardo ni rafiki yangu, lakini ndiye chanzo cha balaa langu lote. Siku ya tatu ya tanga la Twalibu, Bi Mwanahawa alikuwa amekaa ukutani, hali, hanywi, hatoi machozi. Bernardo akamwonea huruma, akachuchumaa mbele yake kumfariji kwa njia anayoijua.

"Mama, wakubwa wote wa muziki huu wamekwenda wakiwa vijana. Buddy Holly, ishirini na miwili. Ritchie Valens, kumi na saba. Eddie Cochran, ishirini na mmoja, gari, huko Uingereza. Na Twalibu wetu ishirini na miwili, sawasawa na Buddy Holly mwenyewe!"

Aliyasema kwa fahari, kama anayetangaza matokeo ya mpira. Bi Mwanahawa akainua uso.

"Wote?"

"Wote, Mama."

Tangu siku hiyo, muziki wa roki katika nyumba ile ni kama ndui. Kila nikipita, bibi yule ananitazama kama mtu aliyekwisha ambukizwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Asubuhi gwaride, hotuba kuhusu Ujamaa na Kujitegemea, kisha mvua ikatutawanya sote, viongozi na watoto wa shule, tukakimbilia chini ya bati moja.

Kila mwaka siku hii nafurahi na kuumia kwa pamoja. Mwaka sitini na moja tulialikwa Goweko kupiga usiku wa Uhuru wenyewe. Tulikwenda kwa treni, magitaa mapajani, tumevaa suruali za kubana alizotushonea fundi mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba nguo kama hizi mtu hawezi kurukuu nazo. Wakulima wa tumbaku walicheza mpaka kukapambazuka. Kuna mzee alimvua Twalibu kiatu akakipandisha juu ya kichwa chake na kucheza nacho. Ndiyo furaha kubwa kuliko zote niliyopata kuona, nchi nzima changa na sisi vijana ndani yake.

Asubuhi treni ya kurudi ilikuwa inachelewa kwa mvua. Twalibu hakutaka kungoja. Alikuta lori la mfanyabiashara linakuja Tabora, akasema twende. Tukapanda. Kwenye daraja dogo nje ya kijiji lori likateleza, likalala ubavu. Bernardo alivunjika mkono, mimi nilichubuka tu. Twalibu alikuwa chini yake.

Njia ya reli ilikatika mchana ule ule, na barabara ilikuwa imegeuka mto. Wazee wa Goweko wakasema marehemu hawezi kulala bila kuzikwa, tukamzika kabla ya magharibi. Bi Mwanahawa alipata habari siku mbili baadaye, kutoka mdomoni mwangu, pamoja na suruali na gitaa lililopasuka. Hakuniuliza swali hata moja. Hajaniuliza hadi leo, wala hajakanyaga Goweko.

Basi.

Jumamosi, 14 Desemba

Paa la kibanda linavuja mahali papya. Pale pa zamani pamekauka penyewe.

Jumamosi, 21 Desemba

Idd. Nilivaa kanzu mpya, nikapaka mafuta nywele zangu (ambazo bado ni nzuri), nikaenda Cheyo kumwamkia Bi Mwanahawa kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Idd mubaraka."

"Marahaba. Bado upo?"

"Nipo, alhamdulillahi."

"Unakohoa?"

"Sikohoi."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Maua alileta sahani ya kaimati na kuiweka mbele yangu, na kaimati za kwangu zilikuwa na sukari mara mbili ya za wengine. Nilizila taratibu.

Bi Mwanahawa akatoa redio yake, imenyamaza tangu mwezi wa tisa. Anataka niitengeneze. Yaani redio anaweza kunikabidhi, binti hapana. Nikajikaza kiume nikauliza, "Bibi, nikifika miaka mingapi utaniamini kwamba sifi?"

Nilidhani atakasirika. Alifikiri kweli kweli. "Thelathini na mitano," akasema.

Maua alikuwa mlangoni. Nilimwona amefumba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Yeye ana ishirini na minne na anapata mchumba wa kungoja miaka saba, halafu anacheka. Ndiyo maana nampenda.

Alhamisi, 26 Desemba

Redio ya Bi Mwanahawa ilikuwa na waya mmoja tu uliokatika. Nimelehemu. Nimeipeleka mwenyewe, akaijaribu, ikatoa taarabu, akaridhika. Akazungusha tena ikatoa magitaa. Akaizima upesi kama mtu aliyegusa jiko.

Nilipotoka Maua alinisindikiza mpaka kwenye shimo la takataka, ndipo mwisho anaporuhusiwa kufika. Akaniambia mama yake huamka kila mvua inaponyesha usiku na kukaa kitandani mpaka ikatike. Maua hajui kwa nini. Nami nilidhani bibi yule hulala fofofo akiota namna ya kunikatalia.

Jumapili, 5 Januari 1969

Leo nimekutana na mwanamke aliyeumbwa bila breki.

Jina lake Kuluthumu. Ni Mzaramo, mumewe ni dereva wa garimoshi aliyehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam, naye anakaanga vitumbua nje ya stesheni. Alileta redio yake kibandani, na sahani ya vitumbua mkononi, akamkuta Bernardo. Kabla hajasalimia, akamuuliza kabila.

"Mnyamwezi," akasema Bernardo.

"Ahaa! Mpagazi! Ndiyo maana umekaa juu ya sanduku, umelizoea kichwani."

"Na wewe Mzaramo umekuja kucheza ngoma au kuomba chakula?"

Ikawa ndiyo kazi ya saa nzima. Tangu misafara ya pembe za ndovu iteremke kutoka hapa Unyamwezini mpaka pwani na kupanda tena, watu hawa wawili ni watani, na wakikutana ni kama paka na panya. Nilishindwa kulehemu kwa kucheka.

Kisha Bernardo, kwa mdomo wake mpana, akaanza habari za Twalibu na ile kumbukumbu ya Februari. Kuluthumu akasikiliza. Ghafla akauliza, "Watani wake walisema nini mazikoni?"

"Hawakuwepo," nikajibu. "Alizikwa Goweko siku ile ile. Mvua."

Akaweka chini sahani yake ya vitumbua.

"Mnyamwezi kazikwa bila mtani hata mmoja wa kumcheka? Mlimfukia kama kipande cha muhogo? Na huku nyumbani?"

Nikamweleza. Huku nyumbani hata jina lake halitajwi. Watani wa ukoo waliokuja tangani walimkuta mama mtu amekaa vile, na maiti haipo, wakaona aibu kufanya utani wakaondoka kimya kimya. Kuluthumu akatikisa kichwa. Kwao, na kwa Wanyamwezi pia, ni kazi ya mtani kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, kumsema mabaya yake na vituko vyake mpaka watu wacheke, na hapo ndipo msiba hufungwa. Mtani hakasirikiwi wala hafukuzwi.

"Huo msiba uko wazi kama mlango," akasema. "Mama yake anasoma hitima lini?"

"Baada ya Idd kila mwaka. Safari hii Jumapili ya mwisho wa mwezi."

Nilijibu bila kufikiri.

Ijumaa, 10 Januari

Matope mpaka gotini. Mteja mmoja amepoteza ndara njiani, akaja na mguu mmoja mtupu.

Alhamisi, 16 Januari

Mzee Mussa ameleta habari mpya, anatembea kama jogoo. Bi Mwanahawa amelegea kidogo. Miaka thelathini inatosha, si lazima thelathini na mitano, ila kwa sharti moja. Nisishike gitaa tena, hata la mtu, hata kwa kulisogeza tu.

"Kubali, mwanangu," akasema Mzee Mussa. "Gitaa si mke."

Nikakubali. Jioni nikamwambia Bernardo kwamba kumbukumbu afanye na santuri, mimi sitapiga. Akaacha kutafuna karanga, na Bernardo akiacha karanga ujue mambo ni mazito.

"Kwa hiyo hata sisi tutaacha kumtaja," akasema. "Haya. Oa."

Akaenda zake kwenye mvua bila kuaga. Nimekaa hapa na furaha yangu na haina ladha. Nikipiga namkosa Maua. Nisipopiga, rafiki yangu aliye chini ya udongo wa Goweko anabaki kuwa ugonjwa tu, jambo la kuogopwa. Nataka vyote viwili na sioni njia.

Jumanne, 21 Januari

Kuluthumu amepita kibandani kuuliza Twalibu alikuwa akitembeaje. Nikamwonyesha. Akaniomba nirudie.

Jumapili, 26 Januari

Nitaandika yote.

Hitima ilikwenda kama kawaida. Wanaume barazani na uani kwenye turubai, wanawake upande wa jikoni, masufuria mawili ya pilau. Tulisoma, sheikh akaomba dua, watu wakaitikia amina, sahani zikaanza kupita. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mtandio mweupe, uso ule ule wa miaka yote.

Ndipo nikaona suruali. Suruali ya kubana, miwani myeusi, shati limefungwa fundo tumboni, na nywele zimelazwa kwa mafuta. Ilikuwa inatoka nyuma ya jiko ikitembea kwa bega moja juu, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, na sahani yangu ilinitoka mkononi kwa sababu huyo alikuwa Twalibu. Kisha nikaona ni Kuluthumu. Kifuani alikuwa ameshika ule mwiko mkubwa wa kupakulia pilau, anaupiga kama gitaa.

"Mama!" akaita kwa sauti nzito. "Mama, nakuja sasa hivi!"

Hayo yalikuwa maneno ya Twalibu. Akisema anakuja sasa hivi, ujue ni kesho jioni. Mtu gani alimwambia? Nikamtazama Maua. Maua alikuwa anatazama chini, na nikajua.

Sahani zikasimama mikononi. Sheikh alifungua mdomo, Mzee Mussa akamgusa goti. "Mtani huyo, sheikh. Muache."

"Pilau yote hii mnakula nyinyi," akasema Kuluthumu, "na mwenye hitima sijaonja? Wanyamwezi bwana! Mnamla mtu hata akiwa kaburini."

Mtu mmoja akacheka kisha akajizuia. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama.

"Nani wewe?"

"Mzaramo, mtani wako, bibi. Nimechelewa miaka saba, njia ilikuwa mbovu." Akaurudisha mwiko kifuani, akawa Twalibu tena. "Mama, nasikia umeambiwa muziki ndio ulioniua. Muziki! Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, mzigo kichwani, wakiimba njia nzima, na wakarudi wazima. Mimi nimepanda lori mara moja tu, nimekufa! Lori, Mama! Treni ilikuwa inakuja, ningengoja kidogo ningefika. Lakini mimi mwanao nangoja? Nimewahi kungoja kitu mimi?"

Ndilo neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulisema mbele ya mama yule. Tulimwachia majina ya Wamarekani, kwa sababu kumwambia kwamba mwanawe angeweza kungoja treni tuliona ni ukatili. Nilifumba macho nikisubiri kishindo.

"Hakuwahi," akasema Bi Mwanahawa.

Nikafumbua.

"Hakuwahi kungoja," akasema tena, kwa sauti ya kushangaa. "Hata tumboni hakungoja. Alitoka na miezi minane, mkunga yuko sokoni."

Akacheka. Ilianza kama kikohozi, kisha ikatoka yote, akashika nguzo, na wanawake wakaangua naye, na barazani tukapasuka, Bernardo akipiga turubai kwa viganja. Kuluthumu akazidi, akaruka na mwiko, akateleza kwenye mafuta akaanguka kitako kweli, na Bi Mwanahawa akacheka mpaka akakaa chini. Huko chini kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, "Twalibu wangu, Twalibu wangu," akilitaja jina lile mbele ya watu wote. Kuluthumu akatambaa mpaka mkekani na suruali yake ya kubana, akamkumbatia.

Nami nililia. Sioni sababu ya kuficha katika daftari langu mwenyewe.

Jumanne, 28 Januari

Bi Mwanahawa ameniita. Si kupitia kwa Mzee Mussa, ameniita mwenyewe.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Akanionyesha kigoda. Mvua ilikuwa imetulia, mawingu bado. Akauliza bila kuinua macho.

"Alikuwa anafanya nini lori lilipoanguka?"

"Amelala. Hakuwa amelala usiku. Aliegemeza kichwa begani kwangu akapitiwa."

"Hakupiga kelele?"

"Hakupiga."

Akatupa kijiwe. "Nani aliingia kaburini kumpokea?"

"Mimi, na wazee wawili wa Goweko. Mimi nilikuwa upande wa kichwa."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. "Wewe?"

"Mimi. Nilimwelekeza kibla, nikamlaza shavu la kulia kwenye udongo."

"Na mvua?"

"Watu walishika turubai la lori juu yetu, pembe nne. Walilishika mpaka mwisho. Hakulowa, Mama."

Sikukusudia kumwita Mama. Lilinitoka tu. Akaweka ungo chini, akajifuta uso kwa kanga, pole pole, macho yote mawili.

"Miaka saba," akasema, "kila ikinyesha nawaza kwamba mtoto wangu amelazwa kwenye maji."

Nilidhani mama huyu ni mkaidi, kumbe alikuwa na hofu tu, na hakuna aliyemkalia kitako kumweleza. Baadaye aliniuliza kama ni kweli Jumamosi kuna kumbukumbu ya wale vijana. Nikamwambia ipo, ila mimi siendi kupiga, tulikubaliana hivyo.

"Nenda kapige," akasema. "Na wao wana mama zao huko Amerika. Ila usipande gari la mtu. Kwa miguu uende, kwa miguu urudi."

Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda kwa miguu, nikiwa na gitaa la kuazima kichwani, kwenye matope, na Bernardo akinicheka njia nzima kwamba sasa ni mimi mpagazi. Tumepatana bila kuombana radhi.

Ukumbini watu walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Katibu wa tawi la chama alikuja kuangalia kama tunaeneza muziki wa kibeberu. Bernardo akamwambia hawa ni marehemu, na marehemu hawana siasa. Akakaa, akanywa soda, akabaki mpaka mwisho. Bernardo alisoma majina, moja moja, na umri, na baada ya kila jina santuri moja. Wengi hawakuyajua majina hayo lakini walinyamaza kwa heshima, kama tunavyonyamaza kwa watoto wa watu. Jina la mwisho lilikuwa la Twalibu, na yeye hana santuri, basi tukapiga sisi. Vidole vyangu vina kutu. Nilikosea mara nyingi, na ukumbi mzima uliimba habari za mama mkwe asiyemtaka mkwewe, wananitazama mimi.

Nilirudi kwa miguu. Taa ya Cheyo ilikuwa inawaka dirishani. Nilipokohoa nje, ikazimwa.

Jumatano, 12 Februari

Posa imepokelewa! Mzee Mussa anamwambia kila anayeleta kiatu kwamba ni kazi yake.

Jumanne, 11 Machi

Leo natimiza miaka ishirini na tisa. Bi Mwanahawa amenitumia bakuli la uji wa ulezi, na agizo kwamba ninywe wote.

Jumapili, 30 Machi

Mvua inapungua. Maua anasema usiku wa juzi ilinyesha kubwa na mama yake hakuamka.

Jumapili, 20 Aprili

Ndoa ni Ijumaa ijayo. Lakini Bi Mwanahawa alisema hawezi kuozesha kabla hajafika Goweko, basi leo tumekwenda, kwa treni bila shaka. Yeye, Maua, mimi, Bernardo, na Kuluthumu aliyejialika mwenyewe na kikapu cha vitumbua. Treni ilichelewa kuondoka na hakuna aliyelalamika.

Jua lilikuwa kali, anga limeoshwa. Nje ya kijiji wanakijiji walikuwa wanachuma majani ya tumbaku kwenye shamba lao la ujamaa, wakatupungia. Wawili waliacha kazi wakaja kutuonyesha njia, maana nyasi zimefunika. Mmoja alinikumbuka. Alikuwa ameshika pembe ya turubai siku ile. Bi Mwanahawa alimshika mkono wake kwa mikono yake miwili, na hakumwachia mpaka tulipofika.

Kaburi ni kilima kidogo na mawe. Tuling'oa magugu, tukasoma Fatiha, Bernardo akavua kofia. Kuluthumu akapanga mawe upya. Maua alitandika kanga, mama yake akakaa upande wa kichwa, akamwamkia mwanawe kwa Kinyamwezi, akamweleza mambo ya nyumbani kwa sauti ya kawaida. Nani amezaa. Bei ya sukari. Redio imepona.

Kisha akaninyooshea mkono nikae karibu. Nikakaa. Akaweka kiganja chake begani kwangu, akaliinamia kaburi.

"Twalibu, huyu Omari sasa ni shemeji yako. Najua mlizoeana, na huko uko peke yako, na wewe hujui kungoja. Ila safari hii ngoja, mwanangu. Usimwite. Muache azeeke."